Wimbo wa Kupulizia Dawa

Mwende wangu,

Huu mwandiko si wangu na unajua. Mimi kalamu naishika kama jembe. Anayeandika ni Syombua, jirani yetu wa ng'ambo ya korongo, yule aliyekubeba mgongoni siku ulipokanyaga mwiba wa mgunga. Tumekaa hapa nje, saa tisa alasiri, yeye kwenye kiti, mimi juu ya gunia la ndengu, na wewe umeenda Mwala kununua gambuti. Nasema maneno yangu, nusu Kikamba nusu Kiswahili, naye anayanyoosha. Nimemwapisha aandike yote.

"Hata ukitukana, Mama Ndunge?" ameniuliza.

Nimemwambia hasa nikitukana.

Sitakuambia ufunge mlango wala uvae sweta. Wewe ni mtu mzima, na mama yako atakupigia simu kutoka Syokimau kila jioni kuuliza kama umekula. Hiyo ni kazi yake, mwache aifanye. Muthokoi wa kupika huko umo kwenye kiondo. Hayo yameisha.

Barua hii nitakupa leo ukirudi, uisome kabla hujalala. Usiende kuisoma kwa gari kesho. Niko na sababu, utaiona mwishoni.

Jumapili ulisimama kanisani ukaaga watu. Ukasema unakwenda Kithyoko kufundisha wakulima kutumia dawa za shambani bila kujiumiza. Hapo sawa. Kisha ukanyoosha kidole ukasema, "Yote haya nimetoa kwa Susu wangu, nyanya yangu huyu. Huko nitawasimulia habari zake, mwanamke ambaye hajasoma lakini hajawahi kumwumiza mtu kwa mkono wake." Watu wakapiga makofi. Mimi nikaangalia viatu vyangu. Na Syombua, aliyekaa nyuma yangu, alipiga makofi pia. Niliyatambua makofi yake kati ya yote.

Mwende, huwezi kwenda mbele ya watu na uongo huo. Hukujua kama ni uongo, kwa hiyo si wako. Ni wangu. Nataka nikuambie leo nilimwumiza nani, ili ukisimama huko Kithyoko useme la kweli au unyamaze. Na niliyemwumiza ndiye ameshika kalamu hii. Ameinua macho sasa ananiangalia. Andika, Syombua. Andika tu, usiniangalie hivyo.

Ningeweza kumwita mtu mwingine yeyote aandike. Kila nyumba siku hizi iko na aliyesoma. Nimemwita yeye makusudi, kwa sababu nimeshindwa kumwambia miaka yote hii uso kwa uso, nikaona labda nikijifanya nakuambia wewe, naye atasikia.

Wiki jana ulinifanyia yale mazoezi yako. Kwanza nilikuwa nimekuona kule zizini ukiwaambia mbuzi "wapendwa wakulima," nikacheka mpaka nikakaa chini. Yule beberu mwekundu alikusikiliza vizuri kuliko wazee wengi ninaowajua. Halafu ukaja na pampu, ukatia maji, ukatia rangi nyekundu badala ya dawa, ukanivalisha blauzi nyeupe, ukaniambia, "Susu, puliza mstari mmoja wa mbaazi kama ulivyokuwa ukipuliza zamani." Nikaenda. Njia nzima nilikuwa nakusema, unavyopoteza maji, unavyoharibu nguo. Nilipofika mwisho ukanishikia kioo.

Nilidhani nitaona rangi kwa blauzi. Ilikuwepo. Ilikuwepo kwa mikono mpaka kiwiko. Lakini uliponiambia nifungue mdomo, Mwende, rangi ilikuwa kwa midomo, kwa meno, na kwa ulimi. Vidoa vidogo vidogo kama nimekula matunda ya porini.

Nilikurudishia pampu nikaingia nyumbani nikajifungia. Ulikuja mlangoni: "Susu, blauzi itatoka madoa, nitaifua mwenyewe!" Maskini. Ulifikiri nalilia blauzi.

Umekuwa ukiniuliza tangu ukiwa mdogo kwa nini mimi siimbi. Kanisani nasogeza midomo tu. Harusini nakaa na wazee. Ukawa unasema, "Susu hana sauti." Aii! Uliza watu wa rika langu. Nilikuwa na sauti ya kuita watu kutoka kilima kile. Katika mwethya wetu mimi ndiye nilikuwa mwimbishaji. Tulikuwa wanawake kumi na wawili, leo shamba la huyu, kesho la yule, na hakuna siku tulifanya kazi kimya. Tulichimba matuta tukiimba, tukabeba mawe ya lile bwawa la mchanga tukiimba. Ukinyamaza katika mwethya ni kama umekataa kazi. Mtu mwenye mdomo uliofungwa alikuwa mvivu au ana kiburi, hakuna la tatu.

Basi dawa zilipokuja, tukapuliza tukiimba.

Hilo ndilo jambo ambalo hao waliokufundisha hawawezi kulijua, maana halikuandikwa kwa karatasi ya chupa. Tulikuwa na pampu mbili za kuazima. Mpini ule lazima ubonyezwe kwa mwendo mmoja, ukichelewa dawa inadondoka, ukiharakisha unachoka. Mimi nikatunga wimbo wa mwendo huo. Nilikuwa nikiita, "Wadudu wameamka!" nao wanaitikia, "Nasi tumeamka!" Kwenye kila "nasi" mpini unashuka. Ulikuwa wimbo mtamu. Waliobeba pampu waliimba, waliobeba maji waliimba, na wale waliofuata nyuma waking'oa magugu kwenye majani yaliyolowa dawa waliimba pia. Midomo kumi na miwili, wazi.

Na mimi nilijivunia. Nilikuwa mjinga mwenye sauti nzuri, na huyo ni mjinga hatari. Unajua ile picha ya fuvu kwenye chupa? Sikujua kuisoma lakini niliipenda. Kadiri fuvu lilivyotisha ndivyo nilivyosema hii itaua wadudu kisawasawa. Dukani niliomba "ile ya kichwa cha maiti." Babu yako alikoroga dawa kwa mkono wake mtupu, akachovya kidole, akagusa ulimi, akasema, "Imekolea." Nami nikamwona mtaalamu. Ukimwona mzee anafanya hivyo huko uendako, usipige kelele. Huyo si mwendawazimu. Anafanya kama mkewe anavyoonja chumvi. Ni kitu alichoamini ni uangalifu. Anzia hapo.

Sasa nafika. Syombua, usiache kuandika.

Ilikuwa zamu ya shamba langu. Ndengu zilikuwa zimetoa maua, na wadudu walikuwa wengi juu yake. Syombua alikuwa mgeni kwetu, bibi arusi, ameolewa mwaka uliotangulia, mpole, anasalimu watu huku ameinamisha kichwa. Alikuwa amesoma kutuzidi sote. Alipopewa pampu akafungua leso yake kiunoni, akajifunga puani na mdomoni, akafunga fundo nyuma ya kichwa. Kisha akaanza kupuliza. Kimya.

Mwimbishaji husikia sauti moja ikipungua. Niliita, wakaitika kumi. Nikaita tena. Nikageuka nikamwona.

Nikasema kwa sauti shamba zima lisikie, "Wee bibi arusi! Mdomo wako umeuvalisha nepi? Unaogopa utajikojolea usoni?"

Wanawake walicheka mpaka pampu zikasimama. Mmoja alikaa chini kati ya ndengu. Nilipoona wamecheka sikuachia hapo. Mimi nikishapata kitu cha kuchekesha, nakikamua kama ng'ombe. Nikakitia kwenye wimbo. "Bibi arusi ana nepi!" nikaita, nao wakaitika kwa furaha, na mipini ikashuka. Mara tatu, mara nne.

Syombua aliivuta leso chini. Akaifunga kiunoni tena. Akafungua mdomo akaitikia.

Na sauti yake, Mwende, ilikuwa nzuri kuliko ya yeyote kati yetu. Nakumbuka nilifurahi. Nilijiambia, nimempata mwitikiaji. Upepo uligeuka saa hiyo ukatoka upande wa mto, ukaturudishia dawa yote usoni, baridi kama umande, na hatukunyamaza. Tulimaliza shamba.

Alasiri alianza kutapika. Mate yakawa yanamtoka yenyewe kama ya ng'ombe mgonjwa, macho yanalia, miguu inatetemeka hata hawezi kusimama. Tulimweka kwa mkokoteni wa punda tukampeleka dispensari, na njiani kila mtu alisema ni malaria. Mimi ndiye niliyesema kwanza. "Hii malaria ya msimu huu ni mbaya." Nililisema haraka, kabla mtu hajasema lingine.

Alilazwa siku kadhaa. Akapona. Lakini alikuwa na mimba ya miezi mitatu, ya kwanza, na hakuwa amemwambia mtu ila mumewe. Ikatoka. Ndiyo sababu alikuwa amejifunga leso. Hakuwa na kiburi wala uvivu. Alikuwa na kitu cha kulinda, na hakutaka kukitangaza mbele ya wanawake aliowajua kwa miezi michache.

Dispensari hawakusema ni dawa. Hawakusema pia si dawa. Nami nikajificha kwenye hiyo nafasi katikati, nikakaa humo miaka.

Kuna jambo baya zaidi. Nilikwenda kumwona na chupa ya uji. Mama mkwe wake alikuwa pale anamlaumu, ati yeye ndiye alijibebesha pampu akijua hali yake, ati wasichana waliosoma hawana akili. Syombua akaniangalia. Aliniangalia kama mtu anayengoja mwenzake aongee. Nami nikasema, "Kweli, mama, wasichana wa siku hizi." Nikaweka uji chini nikaenda.

Hapo ndipo sauti yangu ilikwisha. Hakuna aliyenikataza. Mwethya uliofuata nilifungua mdomo kuita, nikasikia lile neno la nepi linatangulia, nikafunga. Wakapata mwimbishaji mwingine.

Usiniambie leso isingezuia. Najua utaniambia. Ulishanieleza kwamba leso ni kitambaa tu, inalowa, inataka maski yenyewe na glavu na ovaroli, na mwenye mimba asikaribie kabisa. Sawa. Lakini usinipe huo mlango nitokee. Huyu alijua kuna hatari kabla yetu sote, akafanya alichoweza kwa kitambaa alichokuwa nacho, na mimi nikamcheka mpaka akakivua. Leso ingesaidia kidogo au isingesaidia, hilo Mungu anajua. Kumcheka kwangu nakujua mimi.

Kalamu imesimama. Nimemwambia andika: Syombua, nisamehe.

Amesema, "Hilo sitaandika."

Nikamwuliza kwa nini, na nilimwapisha aandike yote.

Amesema, "Hilo si la Mwende. Liseme kwa mdomo, Mama Ndunge. Niko hapa."

. . . . . . . . . .

Mwende, hapa ni mimi Syombua, naandika bila kuambiwa. Susu wako ameondoka kwenda kufukuza mbuzi ambao hawakuingia popote. Amekwenda kulia. Hizo nukta ni mahali aliposema. Alisema vizuri, kwa maneno machache, na hakuniambia ni malaria.

Kwa kuwa hawezi kusoma nitakuambia yangu kabla hajarudi. Nilijua siku zote. Tangu nilipotoka dispensari, kila asubuhi kulikuwa na kibuyu cha maziwa mlangoni kwangu. Hakubisha hodi hata mara moja. Nilipozaa Mutuku, na wale wawili waliomfuata, yeye ndiye aliyenichotea maji mpaka mtoto akaanza kukaa. Nikishika jembe kwa shamba lake ananinyang'anya. Watu wakasema Mama Ndunge ananipenda. Mimi nilijua maziwa yale yanataka kusema nini. Nikayanywa, watoto wangu wakayanywa. Lakini sitakudanganya, nilikuwa nalingoja neno lenyewe. Maziwa hayasemi. Kuna siku nilikasirika nikamwagia mbwa.

Ile nepi iliniuma kuliko maneno ya mama mkwe. Nilikuwa nimezinunua mbili, nyeupe, nimezificha chini ya godoro.

Jumapili nilipiga makofi kwa sababu ulisema vizuri na mimi ndiye niliyekufundisha herufi. Si kwa lingine. Anarudi.

Nimerudi. Huyu ameandika nini muda wote huo? Anasema alikuwa anaweka vituo. Vituo gani vinajaza nusu ukurasa? Nitamuuliza Mungu.

Basi sikiliza, nimalize na wewe.

Huko Kithyoko watu wanalima nyanya kando ya mto, na nyanya zinakunywa dawa kuliko ndengu zetu. Utakuta vikundi vya wanawake. Utawaonyesha rangi yako nyekundu, na hiyo ni nzuri, hiyo haibishani na mtu. Na mahali pote utakapokwenda utamkuta mmoja kama mimi. Hutamtafuta sana, utamsikia. Ndiye atasema kitu ukianza kuvaa maski, na watu watacheka. Atakuuliza kama unakwenda kuiba asali. Wewe ni mkali kama mama yako, utataka kumjibu. Usimjibu. Cheka naye. Halafu mpe pampu yenye rangi kwanza, yeye kabla ya wote, na umwache aongee njia nzima. Ukimshikia kioo, usimshikie mbele ya watu. Mpeleke kando. Mimi ulinishikia mbele ya kuku tu na bado nilijifungia siku nzima.

Huyo ukimpata, umewapata wote. Wapole watajifunga mdomo wenyewe, wanataka tu kuachwa wafanye hivyo. Siku huyo mwenye kelele atakapovaa maski, hakuna atakayethubutu kumcheka mwingine. Mimi mtu angenishika mkono asubuhi ile akaniambia, "Wewe ndiye mwenye sauti, anza wewe," ningejifunga leso mpaka machoni.

Na usiwakataze kuimba. Watakufukuza wewe. Waambie waimbe wakipalilia, waimbe wakivuna, waimbe wakishamaliza kuoga na kubadilisha nguo. Wakati wa pampu miguu itunze mwendo, hata kwa kuhesabu moyoni. Mpe mwimbishaji wao kazi ya kuangalia upepo. Yeye amezoea kutazama shamba lote, na akinyamaza wote watajua kuna sababu.

Mambo ya kunawa mbali na bwawa, ya kutoboa chupa zisichotewe mafuta, hayo unajua kuliko mimi. Nilifanya makosa yote hayo pia, lakini hayo ni ya mikono, na mikono inafundishika. Hili la mdomo ndilo nimekuandikia.

Habari zangu wasimulie ukitaka. Syombua nimemwuliza kama unaweza kusema na yake. Amesema sema, lakini jina lake usilitaje, useme tu "bibi arusi mmoja aliyekuwa na akili."

Nimeweka dole gumba hapa chini, wino umenichafua mpaka kwa leso.

Sasa ile sababu ya kukutaka usome leo. Kabla hatujakunja karatasi, Syombua ameniambia kuna kitu ananidai, na si neno, neno ameshalipata. Anautaka ule wimbo. Nikamwambia huo siuwezi, umekufa. Amesema, "Mimi ndiye niliyeumizwa nao, na mimi ndiye nasema uimbwe. Kesho hakuna pampu wala dawa. Ni barabara tu na mtoto anaondoka."

Kwa hiyo kesho asubuhi ukikaa kwenye bodaboda ya kukufikisha kwa gari na kiondo chako, ukisikia kizee kinapiga kelele kutoka langoni, usimwambie mwenye pikipiki asimame, na usilie. Ni mimi. Nitaita, "Mwende ameamka!" Sauti itakwaruza, haijatumika siku nyingi.

Kaa kimya usikilize ng'ambo ya korongo. Atakayeitikia ni Syombua.

Susu wako